Kapu la mboga la kila Alhamisi, linalipa kweli au tunanunua picha?

Shemeji yangu wa Goba kaniuliza juzi kama ajiunge na jamaa wanaoleta kapu la mboga nyumbani kutoka shamba lao upande wa Bagamoyo, anajua mi nimelipia miezi miwili, na kusema kweli nilishindwa kumjibu ndiyo au hapana palepale, maana inategemea unarudi nyumbani saa ngapi na humo ndani ya kapu kuna nini hasa.

Tuanze na hela. Kapu elfu 35, boda elfu 4, jumla 39,000 kwa wiki na mwezi mzima unalipa kabla. Wiki ya tatu nikamwaga kila kitu mezani nikapima na ule mzani wa wife wa kupimia unga wa keki: nyanya kilo 2 kasoro kidogo, vitunguu kilo, karoti nusu, hoho nne, bilinganya tatu (kila wiki bilinganya, sijui huko shambani wamepanda nini kingine), mchicha mafungu manne, chainizi mawili, matembele, ndizi za kupika, mayai nusu trei. Nikachukua karatasi nikaenda kwa mama wa genge pale kona nikauliza bei za vitu vilevile, ikaja 27,000. Jumamosi nikaenda soko la Mabibo mwenyewe, vitu 19,000, lakini weka nauli na bajaji ya kurudi na mzigo inafika 26,000 hivi na asubuhi yako ndo imeshaenda. Kwa hiyo soko halijamshinda mama wa genge chochote cha maana, hilo lilinishangaza, ila kapu limemzidi kwa 12,000 kila wiki, mwezi 48,000, karibu hela ya kujaza mitungi miwili midogo ya gesi.

Sasa unapata nini kwa hiyo elfu 12? Mboga za majani, hapo siwabishii. Mchicha wao ulikuja na mizizi na udongo wake, nikaufunga kwenye gazeti nikaweka friji Alhamisi usiku, Jumatatu bado umesimama. Wa genge nikiuchelewesha siku ya pili tu umeshakuwa wa njano. Halafu kuna suala la maji. Mchicha mwingi wa Dar unalimwa mabondeni humuhumu mjini, na utafiti uliochapishwa 1999 ulipima mboga za majani kando ya mto Sinza na Msimbazi ukakuta madini ya risasi na kadimiamu, yale mabaya kwa afya, na tangu hapo mji haujapungua, umeongezeka. Sisemi mchicha wa genge ni sumu, mi mwenyewe nimekulia huo huo, nasema tu ukimuuliza mama wa genge mchicha umetoka bonde gani atakwambia "huu mzuri huu mwanangu, chukua" na mazungumzo yameishia hapo. Wa kapu angalau najua kisima kiko wapi, tulienda kuangalia.

Lakini nyanya? Vitunguu? Hapo ndo nilianza kuwa na mashaka. Nyanya nyingi tunazokula Dar zinatoka mbali, Ilula kule Iringa na kwingineko, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni au Singida, karoti na hoho Lushoto. Karoti tamu inataka ubaridi, sasa shamba la Bagamoyo na lile joto linanipa karoti nzuri namna ile kila Alhamisi bila kukosa? Nikamuuliza kijana wa boda, akacheka, akasema bosi hizo tunapitia Ilala alfajiri. Kumbe! Yaani nusu ya kapu ninalolipia bei ya shamba limepita sokoni kama la kila mtu, tofauti limewekwa kwenye kikapu cha ukili na kijikaratasi cha asante. Siwalaumu sana, mteja anataka kila kitu kwa pamoja, ila basi waseme.

Na hii ya kulipa kabla ina maana pale tu mnaposhea hatari na mkulima. Wajapani wana mfumo wanaouita teikei, ulishika kasi miaka ya 1970, familia zinalipa shamba moja kwa moja na shamba likitoa kidogo wanakula kidogo. Huo naukubali. Huku kwetu nalipa kabla, mvua ya masika ikimwagika hatari ni yangu na karoti ni za Ilala. Kuna Alhamisi moja boda kafika saa 3 usiku kalowa chapachapa, nyanya zimepondeka, mayai manne yamepasuka yakamwagikia chainizi, nikatuma picha, nikajibiwa "tutafidia kapu lijalo boss" na mpaka leo nasubiri.

Wanapenda pia kusema ukinunua kwao unamsaidia mkulima. Mkulima yupi? Mwenye shamba hili ni mtu wa mjini mwenye kisima na mipira ya kumwagilia kwa matone, hajambo kabisa. Yule wa Lushoto anayefungishwa lumbesa, gunia linajazwa kupita kiasi kwa bei ya gunia moja, hajaguswa na hela yangu hata kidogo. Na mama wa genge, ambaye mwezi uliopita alinikopesha mpaka mshahara ulipotoka, ndo niliyemnyang'anya biashara. Tena genge lina kitu watu hatukifikirii, genge ndo friji yetu, unanunua nyanya tatu za leo usiku na fungu moja, hamna kinachooza. Kapu linakuletea vitu vya wiki kwa mpigo, umeme ukikatika siku nzima ndo utajua.

Ila nisimfiche shem upande wa pili. Yeye na mumewe wanatoka saa 11 alfajiri wanarudi saa 3 usiku, genge limefungwa au yamebaki mabaki, wanaishia kula chipsi mayai siku nne kwa wiki. Kwa nyumba kama hiyo elfu 12 si ghali, ukihesabu tu hizo chipsi imeshajilipa. Mi narudi saa 11 jioni, genge liko hatua hamsini.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: usilipe mwezi, omba wiki moja kwanza. Waulize nini wanalima wenyewe na nini wananunua. Wakikwambia ni mboga za kilimo hai, yaani bila mbolea na dawa za viwandani, ulizia alama ya Kilimohai, ipo Afrika Mashariki tangu 2007, mwenye nayo hawezi kuchelewa kukuonyesha. Mi nimewaandikia kwamba nataka majani na mayai tu, vingine waache, wamejibu oda ya chini ni elfu 20. Nimewaambia sawa, ila iwe kila baada ya wiki mbili na bilinganya nisiione. Bado hawajajibu, na jana nimepita kwa mama wa genge kuchukua nyanya, akaniuliza "baba, ulisafiri?"