Anayeongoza duara anawajibika kwa nani?

Tuseme mgeni mmoja anakodi ukumbi Njiro, hapa Arusha, anaweka gitaa na ngoma katikati, anawapanga watu duara wameshikana mikono, na wote wanaimba "La ilaha illa Llah" huku wakizunguka polepole. Nusu saa baadaye duara lilelile linaimba "Kyrie eleison", kisha "Shalom". Hakuna jukwaa wala watazamaji, na hakuna anayeulizwa dini yake. Hizo ndizo Dansi za Amani ya Ulimwengu, zilizoanzia San Francisco mwishoni mwa miaka ya 1960 na sasa zinachezwa katika nchi nyingi duniani.

Mzee wa twarika, yaani jumuiya ya Waislamu wanaomtaja Mungu kwa pamoja (zikri) chini ya sheikh, akipita mlangoni ana mengi ya kuhoji: wanaume na wanawake kushikana mikono, udhu, shahada kuchanganywa na nyimbo za kanisani. Ndugu wa Answar Sunna, Mwislamu asiyezikubali twarika, atahoji kwa sauti kubwa zaidi, ingawa hata zikri ya huyo mzee haimpendezi. Hoja hizo zina wenyewe wa kuzijibu. Mimi linanikera swali jingine, ambalo naona linapuuzwa: yule aliyesimama katikati, nani kamruhusu, na akiharibu anashtakiwa kwa nani?

Jibu lake limeanzia kwenye ugomvi wa urithi. Inayat Khan, mwanamuziki wa Kihindi wa silsila (mnyororo wa masheikh) ya Chishti, alipeleka usufi, njia hiyo ya twarika, Marekani na Ulaya kuanzia 1910, na hakumlazimisha mtu kusilimu kwanza. Alipofariki Delhi mwaka 1927, Rabia Martin, mwanafunzi wake wa kwanza Marekani, alijiona ndiye mrithi. Familia ya marehemu na wafuasi wa Ulaya wakamkatalia. Baada ya Martin kufariki, tawi lake likaishia mikononi mwa Meher Baba, mwalimu wa kiroho wa India. Samuel Lewis, Mmarekani wa familia ya Kiyahudi aliyekutana na Inayat Khan mwaka 1923, aliyashuhudia yote hayo. Baadaye alikwenda Pakistan na kuunganishwa tena na Wachishti wa huko. Dansi alizianzisha uzeeni, akiwa na vijana wenye nywele ndefu wamemzunguka, na Januari 1971 akafariki. Mrithi aliyemwacha ni Moineddin Jablonski, na alipofariki huyo mwaka 2001 akafuata Shabda Kahn. Hiyo ndiyo Ruhaniat, twarika ya Lewis, na mtu wa twarika wa Moshi angeielewa bila mkalimani: kuna Pir (mkuu wa twarika), kuna bai'a (kiapo cha utii kwake), kuna silsila.

Ila dansi zilienea kuliko twarika yenyewe. Watu walizipenda bila kutaka kula bai'a. Kwa hiyo kukawa na chombo cha pili, mtandao wa kimataifa wa dansi, ambao hauongozwi na Pir kwa namna ile. Anayetaka kuongoza duara anatafuta mlezi, yaani kiongozi mzoefu aliyekabidhiwa kazi ya kulea wengine. Anajifunza kwake kwa muda, anaongoza huku akisahihishwa, kisha mlezi anamthibitisha. Anayethibitishwa anakubali pia maadili yaliyoandikwa, na ndani yake mna namna ya kuwatendea wale anaowaongoza.

Watetezi wa mpango huu wana hoja nzito. Mtu anayefumba macho, akiimba jina la Mungu mpaka machozi yamtoke, ni rahisi kuchezewa, kimfuko na kimwili. Kuwa na maandishi yanayosema mwiko ni upi, na mahali nje ya duara pa kupeleka malalamiko, ni kinga ambayo karama za kiongozi haziwezi kuileta. Na kwa kuwa walezi ni wengi, uongozi hauangukii ukoo mmoja.

Kwetu mambo yana sura nyingine. Nenda kwenye zikri usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, pale mkeka unapotandikwa na ubani kuwashwa. Khalifa, yaani anayeiongoza zikri kwa niaba ya sheikh, anashika mwendo kwa kiganja tu. Kijana akianza kukimbia mbele ya pumzi za wenzake, khalifa hamkemei. Anamwekea mkono begani na kijana anarudi mstarini. Khalifa huyo ana ijaza, idhini ya sheikh wake, lakini ulinzi mkubwa zaidi ni kwamba wote pale wanamjua. Wanajua anauza nini sokoni, anaishije na mkewe, na nani kamkopa akamzungusha. Akiharibu Ijumaa, Jumamosi mtaa mzima wa Kaloleni unalo.

Kinga hiyo mtandao hauna. Mlezi aliye Ujerumani au Marekani hawezi kujua kinachotokea Njiro baada ya taa kuzimwa. Cheti kinasema mtu alifaa siku alipopimwa. Na mgeni akikatiwa mkataba wa kazi anapanda ndege KIA, na duara lake linabaki yatima.

Lakini tusijipe sifa zote. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto, mtumwa, akaja kuwa khalifa mkubwa wa twarika ya Qadiriyya. Ijaza ilimpandisha mahali ambapo nasaba isingemfikisha. Alipofariki mwaka 1931 nafasi ikaenda kwa mwanawe, Muhammad. Huyo aliheshimika sana, ila mlango uliokuwa umefunguliwa kwa mtumwa ukawa umegeuka mlango wa nyumba moja. Na mtaa unaojua kila kitu ndio huohuo unaofunika kila kitu: "yasitoke nje", "ni sheikh yule". Mwanamke mwenye shitaka dhidi ya khalifa atalipeleka wapi? Kwa khalifa?

Wapo wanaosema malezi yote haya ni urasimu, watu waachwe wacheze. Wangetazama Uturuki, ibada ilivyogeuka maonyesho. Mwaka 1925 serikali ilizifunga twarika zote, ya Wamevlevi wa Konya, wanaoabudu kwa kuzunguka, ikiwemo. Miaka ya 1950 kuzunguka kwao kukaruhusiwa tena, kama utamaduni. Mwaka 2008 sema yao, yaani ibada hiyo ya kuzunguka, ikaingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Wapo bado wanaoishika kama ibada, lakini watalii wengi wanaiona kwa tiketi. Arusha hatuhitaji kuelezwa: tumeona adumu, ngoma ya kuruka ya Wamasai, ikirukwa hotelini baina ya supu na nyama choma.

Kwa hiyo yule mgeni wa Njiro nisingemfungia mlango, wala nisingeridhika na cheti chake. Ningemtaka ataje mlezi wake na lini mara ya mwisho mlezi huyo alimwona akiongoza, kisha ateue watu wawili wa hapahapa mjini, wasiokuwa rafiki zake, ambao mshiriki anaweza kuwapelekea malalamiko. Kwa khalifa wa mtaani ningeanza na hilo la mwisho.