Siku ya toba walijaa, siku ya kujenga kibanda tulikuwa wawili na nusu

Wiki iliyopita jamaa mmoja katika kundi letu la WhatsApp, kundi la Wapwani tulioishia Maryland, alibandika picha ya tiketi. Kadi nyeupe yenye jina, namba ya kiti, na tarehe za Rosh Hashanah na Yom Kippur, siku mbili za mwaka mpya wa Kiyahudi na moja ya toba. Chini yake akaandika: "Wenzetu hata kumwomba Mungu ni kwa kiingilio, kama mechi." Wakafuata wacheshi wetu wote. Mmoja akauliza kama kuna viti maalumu.

Nilinyamaza, maana kadi za namna hiyo nazijua vizuri. Nimezipanga mezani kwa alfabeti siku tatu nzima. Kwa wasionijua, mimi ndiye mwenye funguo. Mwaka wa 11 huu ninatunza jengo la sinagogi moja hapa Pikesville, nje kidogo ya Baltimore. Nafungua, nafunga, nazibua vyoo, napanga viti. Mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, Ijumaa msikitini, Jumamosi sinagogini. Najua swali litakalofuata, la Gaza. Jibu langu hata wao wanalijua, tumegombana nalo kwenye korido zaidi ya mara moja, na wao kwa wao wanagombana kuliko wanavyogombana nami. Si habari ya leo.

Haya, tiketi. Siku takatifu Myahudi anayeshika dini hagusi pesa, kwa hiyo hakuna kapu linalopita kati ya viti kama kanisani. Paa, umeme, rabi na mimi tunatoka kwenye ada ya mwaka, na watu wenyewe wanaonekana siku hizo tatu tu. Basi. Nitakubali moja, tena shingo upande: mwaka mmoja niliona kijana wa chuo amesimama mlangoni, na mtu wa kujitolea anatafuta jina lake kwenye orodha, halioni, anatafuta tena. Mwishowe aliingia. Lakini zile dakika nne niliona haya mimi, na mlango wenyewe si wangu.

Kilichonikera mwaka huu si tiketi. Ni kibanda.

Ngoja nianze na ukuta, ndiyo mtanielewa. Ukumbi wetu wa sala una ukuta wa nyuma unaokunjwa, ukasukumwa pembeni kama pazia. Nyuma yake ni ukumbi wa sherehe. Masinagogi mengi ya Marekani yaliyojengwa baada ya Vita vya Pili, familia zilipohamia vitongojini, yana ukuta wa namna hiyo, na sababu haina siri: mchoraji alijua kwamba karibu mwaka mzima watu watakaa robo ya jengo, na siku tatu hawatatosha. Kutotokea kwa watu kumechorwa kwenye ramani kabla tofali la kwanza halijawekwa! Kazi yangu ya kila Septemba ni kuukunja ukuta ule na kupanga viti vya kukunja hadi mlango wa jikoni. Mgongo wangu unaijua kalenda ya Kiyahudi kuliko baadhi ya wanachama.

Na wanajaa. Jioni ya Jumatano, tarehe 1 Oktoba, Kol Nidre, sala ya kufungulia Yom Kippur, hapakuwa na pa kutia mguu. Watu wamevaa nyeupe, na chini ya suti za bei mbaya wamevaa raba, maana viatu vya ngozi havivaliwi siku ile. Hapo huwa nawapenda: wakili wa dola mia kadhaa kwa saa, miguuni ana raba za mwanawe. Wanafunga saa 25, bila hata maji, na daku ya alfajiri hawana. Wanakula kabla ya jua kuzama, basi, hadi nyota za kesho yake. Sisi tuliosoma madrasa habari ya Mtume kuwakuta Mayahudi wa Madina wamefunga Ashura, funga hii haitushangazi.

Alhamisi asubuhi nikiwa garini redio ikasema Manchester. Mtu ameendesha gari kuwagonga watu nje ya sinagogi la Heaton Park, kisha akashuka na kisu. Baadaye tukajua waumini wawili wamepoteza maisha. Mlango wetu una askari mwenye silaha kila ibada tangu Pittsburgh, ile Jumamosi ya Oktoba 2018 waliyouawa watu 11 wakiwa kwenye sala. Asubuhi ile walikuwa wanne. Wazee wengi hawawashi simu siku ile, kwa hiyo habari waliipata mlangoni, mdomoni mwa polisi. Nilisimama pale nikitazama. Nilidhani nitaona magari yakigeuza. Hakuna aliyegeuza. Walikuja na watoto wao, wakawashika mikono, wakapita katikati ya bunduki, wakaingia kuomba. Siku ile niliwasamehe yote, hata vikaratasi vya peremende ninavyookota chini ya viti kila mwaka, sijui nani anakula peremende kwenye mfungo.

Jua likakaribia kuzama, sala ya mwisho, sanduku la Torati li wazi, wote wamesimama, wengine wanatikisika kwa njaa. Kisha pembe ya kondoo dume, mlio mmoja mrefu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mwaka huu jambo lilikuwa maegesho. Sijawahi kuona umati ukiyeyuka vile. Ndani ya robo saa nilikuwa peke yangu na viti mia sita.

Sasa desturi yao inasema hivi, na hii si yangu, nimefundishwa na wao wenyewe: usiku uleule, kabla hata hujashiba, unapigilia kigingi cha kwanza cha kibanda. Toba imekwisha, shika nyundo. Sikukuu ya Vibanda, Sukkot, inaanza baada ya siku nne tu. Rabi alilitangaza mimbarini mara tatu, na mara zote tatu nilikuwepo nikasikia: Jumapili, saa tatu asubuhi, nyuma ya jengo, tunajenga, tunahitaji mikono.

Mikono ilikuja. Ya Mzee, aliyekuwa mweka hazina, ana miaka 81 (amezoea nimwite Mzee, na mimi ananiita fundi). Na ya binti wa miaka 12 anayehitaji saa za kujitolea kabla ya sherehe yake ya utu uzima. Mimi nalipwa, kwa hiyo nihesabuni nusu. Watu wawili na nusu, kutoka umati ule ulioziba korido Alhamisi.

Nilikasirika hadi nikaangusha spana. Mzee akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, nawahesabu.

Hebu nieleze kwa nini inaniuma, maana kibanda hiki kina mkono wangu. Babu yangu alikuwa fundi wa kuezeka, na makuti nimeyajua kabla ya kujua kuandika. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipoambiwa tunaezeka kwa matawi, nilifurahi mno: hatimaye ujuzi wa nyumbani umepata soko Marekani! Nikakata, nikafunga kwenye fito, nikalaza moja juu ya jingine kama inavyotakiwa, lisipenye tone. Rabi akaja, akatazama juu, akacheka hadi akashika tumbo. Kumbe nimeharibu. Paa la sukkah, ndilo jina la kibanda chao, liwe la kitu kilichoota ardhini kikakatwa, kivuli kizidi jua, lakini lisiwe nene hadi mvua ishindwe kupita, na usiku ukitazama juu vizuri uone nyota. Mkeka uliosukwa kwa kulalia nao haufai. Kwetu paa linalovuja ni aibu ya fundi. Kwao paa lisilovuja ndilo lenye ila. Nikapanda ngazi nikaanza kutoboa kazi yangu mwenyewe, na Mzee chini ananielekeza: hapa bado, na hapa.

Tangu siku ile nakipenda kibanda kuliko ukumbi. Ukumbini kila mtu yuko na dhambi zake. Unaweza kukaa jirani na mtu kwa muda wa saa kumi, mkafunga pamoja, mkalia pamoja, na usimjue jina. Kibandani haiwezekani. Boriti moja inahitaji watu wawili, mmoja ashike, mmoja afunge. Meza inahitaji walaji. Torati yao, mlango ule wa Kumbukumbu la Torati 16, inaamuru kufurahi katika sikukuu hii, na inataja wa kufurahi nao: mwanao, binti yako, mtumwa wako, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Mimi kwenye orodha naingia mara mbili.

Na kuna hili la maungamo. Yom Kippur wanaungama kwa wingi, hakuna anayesema nimekosa. Tumekosa, tumesaliti, tumenyang'anya, kila neno na ngumi moja kifuani. Hata ambaye hajamnyang'anya mtu anasema tume-, ili aliyenyang'anya asisimame peke yake. Lilinitoa machozi mara ya kwanza nilipofasiriwa. Basi niambieni, ile tu- ilikwenda wapi Jumapili? Jumapili palikuwa na ni- tupu: nina safari, nina mechi ya mtoto, nina mgongo. Mgongo! Mbele ya mtu wa miaka 81 aliye juu ya ngazi.

Nimesikia utetezi wao, na si wa uongo wote. Mwaka huu sikukuu zimeangukia katikati ya wiki kila mara: Jumanne na Jumatano za mwaka mpya, Alhamisi ya toba, kisha Jumanne na Jumatano mbili za Sukkot, mwanzo na mwisho wake. Anayeshika zote ni siku saba za kazi ndani ya wiki nne. Bosi gani atavumilia? Mwenye likizo ya kubana atachagua, na atachagua siku ya kuogopesha, si siku ya kula supu uani. Sawa. Lakini Jumapili si siku ya kazi. Jumapili ni Jumapili.

Na nyie wa kundini msicheke. Tunawajua Waislamu wa Idi, kanzu imepigwa pasi, mwaka mzima ilikuwa kabatini. Kwenye matanga yetu hapa Maryland wanaojua kulia ni wengi, na sufuria huoshwa na walewale wanawake watatu kila msiba. Mwaka jana tulipomsafirisha marehemu wetu, aliyeandika rambirambi ndefu kuliko wote kundini ndiye huyuhuyu wa tiketi. Ubavu wa jeneza pale uwanja wa ndege tulikuwa wanne, tukamwomba dereva wa gari awe wa tano.

Mambo mengine ya sikukuu siwezi kuyalalamikia. Lile tunda lao, kama limau kubwa lenye makunyanzi, linafungwa kwenye kisanduku kama pete ya ndoa, na ukivunja kikonyo chake umeharibu pesa ya watu. Kuti changa la mtende, mhadasi na mierebi, vinatikiswa pande zote. Wiki ijayo watacheza na magombo ya Torati na watoto watarushiwa peremende, na mimi nitafagia. Hiyo watajaa kidogo, kwa sababu ya watoto.

Jumatatu usiku, usiku wa kwanza, kibanda kilikuwa tayari. Kuna desturi ya kualika wageni wasioonekana, mmoja kila usiku: Ibrahim, Is-haka, Yakub, Musa, Harun, Yusuf, Daud. Mzee aliponisomea majina mwaka ule wa kwanza nilimwambia hawa wote nawajua, kwetu pia wanaalikwa. Mwaka huu nilihesabu viti: walio hai 19. Hata kwa jengo linalokaliwa robo tu mwaka mzima, 19 ni wachache. Karibu nusu yao wana zaidi ya miaka 70, wamevaa makoti, wanapitishiana mkate uliochovywa asali. Binti wa saa za kujitolea alikuja, ingawa saa zake zilishatimia Jumapili. Alimleta na mama yake, ambaye sikumbuki kumwona nje ya siku zile tatu. Mama akatazama juu akauliza nani ameezeka, akaonyeshwa mimi, akasema pana tundu pale. Mzee akamweleza habari ya tundu kwa dakika ishirini. Supu ikapoa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo zangu. Mzee akanisogezea kiti, nikakaa.

Kubomoa ni Jumapili tarehe 19, saa tatu asubuhi. Bisibisi ninazo mbili, ngazi moja, na Mzee mwaka huu simruhusu kupanda. Ndugu yangu wa tiketi, unakaa Towson, dakika ishirini kwa gari, na hiyo haina kiingilio. Njoo na glavu zako, zangu zimechanika.