Bistro ni Supu, Jamani

Jumamosi nilialikwa bethidei ya rafiki yangu, mahali fulani hapa Dar ambapo mlangoni wameandika "bistro", yaani mgahawa mdogo wa Kifaransa, kwa herufi za dhahabu. Leo Jumatano hasira bado haijaniisha, ndiyo maana naandika.

Menyu ya karatasi hakuna. Unakipiga picha kile kimraba cha QR kwa simu yako, kwa bando lako, unasubiri kifunguke. Nikaomba maji ya kunywa. Kijana akauliza, "Yenye gesi au ya kawaida, madam?" Ya kawaida, mwanangu. Ikaja chupa ya kioo, 9,000. Bili nayo ilipokuja, chini ya jumla kulikuwa na jumla nyingine: huduma asilimia 10, VAT asilimia 18. Kwenye menyu zilifichwa ndani ya alama mbili za kujumlisha (++) pembeni ya bei, ndogo kama mayai ya chawa. Watu wanane tukainamia simu, kila mtu na kikokotoo chake, kimya, utadhani tunagawana mirathi. Shemeji mmoja akataka kutufariji: "Ndo mambo ya Kifaransa hayo, lazima uyalipie."

Hapana, shemeji. Hapo umewasingizia Wafaransa.

Mwaka juzi nilikwenda Paris kumwona mdogo wangu anayesoma huko. Mwanafunzi hana hela, kwa hiyo alinipeleka wanakokula wenzake wasio na hela: Chartier, mtaa wa Faubourg Montmartre, pamefunguliwa tangu 1896. Nafasi hawakuwekei kwa simu, mnapanga foleni. Ndani ni ukumbi mrefu wa vioo na taa za duara, na ukutani kuna vidroo vyenye namba. Zamani wateja wa kila siku walihifadhi humo vitambaa vyao vya kulia. Mtu ana droo yake mgahawani!

Tulibananishwa meza moja na wazee wawili, mtu na mkewe, hatujuani, magoti yanagusana kama siti ya nyuma ya daladala. Kelele usiseme. Yule bibi akanisogezea haradali bila kuombwa. Nikaletewa yai. Yai la kuchemsha, limekatwa nusu, juu mayonezi nzito, basi. Mdogo wangu akaniona uso unabadilika. "Dada, usicheke, onja kwanza." Nikaonja. Sahani niliifuta kwa mkate. Likafuata paja la bata lililoiva taratibu ndani ya mafuta yake mwenyewe, ngozi inalia kwenye meno, nyama inaachia mfupa ukiigusa tu kwa uma. (Waislamu wenzangu, kule ulizeni kila kitu. Nguruwe anajificha hata kwenye dengu. Na mkiona andouillette, huo ni utumbo wa nguruwe uliotiwa ndani ya utumbo; harufu yenyewe itawaambia.)

Mhudumu, kizibao cheusi na aproni nyeupe, hakutabasamu hata mara moja. Haya, hilo nakubali, tabasamu hawana. Oda aliiandika kwa kalamu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, pale pale pembeni ya kiwiko changu. Tulipomaliza akarudi, akapiga mstari, akajumlisha mbele ya macho yetu, tarakimu 7 ameikata tumbo kama wafanyavyo wao. Watu wawili, haikufika yuro 50. Nilishajumlisha kichwani tangu kwenye bata. Zikalingana mpaka senti.

Zikalingana! Hicho ndicho kinachoniuma, wala si bata. Ufaransa bei iliyoandikwa ndiyo unayolipa. Kodi imo. Huduma imo, na hilo ni agizo la serikali tangu 1987. Bei lazima zibandikwe nje pia. Jagi la maji ya bomba na mkate, ukiwa unakula, hulipii. Mtu mwenye yuro 15 mfukoni anasimama barabarani, anasoma, anahesabu, anaingia akijua atatoka vipi. Hakai anatafuna huku jasho linamtoka kwa kuwaza bili. Sisi tumechukua jina, tumechukua herufi za dhahabu, tumechukua hata ule mnuno wa mhudumu, halafu kitu chenyewe tukakiacha Paris.

Najua mtaniambia maji ya bomba ya Dar hayanyweki. Sawa, hiyo nawapa. Mbona kwa mama ntilie jagi la maji ya kuchemsha lipo mezani kabla hujakaa, na hakuna anayekuuliza habari za gesi?

Halafu Chartier wenyewe hawajiiti bistro, wanajiita bouillon, yaani supu. Supu tu, jamani. Miaka ya 1850 mwenye bucha mmoja, Duval, karibu na soko la Les Halles, alianza kuwauzia wafanyakazi wa pale nyama na mchuzi wake kwa bei ndogo. Wengine wakaiga, na Chartier wakaja katika mkumbo huo. Sasa niambieni, hiyo ina tofauti gani na supu ya asubuhi pale Vingunguti, machinjio yako jirani, chapati mbili na ndimu? (Kuna hadithi kwamba neno bistro waliliacha askari wa Kirusi wa 1814 waliokuwa wakihimiza waletewe upesi. Tamu, ila wataalamu wa lugha wengi hawaiamini: neno halionekani kwenye maandishi mpaka mwishoni mwa karne ile.)

Bethidei yangu ni mwezi ujao na wengi mmeshaanza kuniuliza "venyu" ni wapi. Ni kwa Mama Mkubwa wa kona ya nyuma ya ofisi, saa saba mchana. Bei ziko ubaoni kwa chaki. Viti ni vya plastiki, na kimoja kimeufyata mguu, kwa hiyo wahini. Shemeji, wewe utakaa hicho.