Arobaini ikiisha, mama anabaki na nani?

Kuna mabishano nayasikia sana hapa Dodoma kila mwanamke anapojifungua halafu akabadilika, analia bila sababu inayoonekana, hataki kumshika mtoto, au anamshika muda wote hataki mtu mwingine amguse. Upande mmoja wanasema mpelekeni kwao akakae na mama yake, ale, alale, atakaa sawa tu, hizi habari za ugonjwa wa akili kwa mzazi zimekuja juzi. Upande wa pili, na wengi wao ni vijana, wanasema acheni hizo, huyo anaumwa, apelekwe hospitali. Nimewasikiliza wote na kila mmoja ana ukweli wake mkubwa tu, ila naona wanabishania mahali wakati shida yenyewe iko kwenye siku, yani ni lini nani anatakiwa awe karibu na huyu mama, na hapo katikati ndo tunampoteza.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya. Kuna yale machozi ya siku za mwanzo, siku ya tatu ya nne hivi, mwili umechoka, homoni zimeshuka ghafla, hayo yanawapata wamama wengi sana na yanaisha yenyewe ndani ya wiki mbili, hapo kweli chakula, usingizi na maneno mazuri vinatosha. Halafu kuna sonona, hii inapita wiki mbili haiondoki, mama anakosa raha na kila kitu, anajiona hafai, na inaweza kuanza mimba ikiwa bado changa kabisa au ikaja mtoto ana miezi mitano. Na kuna kile watu wanakiita kichaa cha uzazi, hiki ni cha nadra, mwanamke mmoja au wawili kwenye kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo: halali kabisa, anasikia sauti, anaongea vitu havieleweki, anaweza akaamini mtoto si wake. Hiyo ni dharura kama kutokwa na damu nyingi, mnatafuta usafiri usiku huohuo na mtoto habaki naye peke yake.

Sonona ndo kubwa kwa idadi. Shirika la Afya Duniani linakadiria duniani kote kama asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwenye nchi zinazoendelea inapanda hadi 15.6 kwenye ujauzito na 19.8 baada ya kujifungua. Kwenye benchi la kliniki wakikaa wamama kumi, wawili hivi wanaweza kuwa nayo na wanaitikia salamu kama wengine.

Sasa upande wa nyumbani niuanzie hapo, maana wanadharauliwa bure. Mzazi anayetunzwa vizuri huku kwetu hapiki, hachoti maji, asubuhi na jioni anakandwa na maji ya moto, analetewa uji wa uwele na supu ya kuku wa kienyeji, mtoto akishanyonya bibi anamchukua na mama analala. Ukiangalia ni vitu gani vinachangia sonona, kukosa usingizi, upweke, kukosa msaada wa mume, manyanyaso, mimba isiyotarajiwa, kufiwa na mtoto, arobaini ikifanyika inavyotakiwa inagusa kadhaa kati ya hivyo moja kwa moja, na hakuna dawa ya duka la dawa inayompa mama saa nne za usingizi huku mtoto yuko kwenye mikono salama. Mtu anayesema hiyo ni ushamba hajakaa na kichanga peke yake.

Lakini ni nyumba ngapi Dodoma zina hiyo arobaini leo? Tangu serikali ihamie huku kuanzia 2016 mji umejaa watu ambao kwao si hapa, mtumishi anaamkia Mtumba kwenye ofisi za serikali, amepanga Nkuhungu au Iyumbu, mama yake yuko Bukoba, mama mkwe yuko Mbeya, msaada uliopo ni dada wa kazi ambaye naye ni mtoto wa mtu. Treni ya SGR imesaidia wale ambao bibi yuko Dar au Moro, tangu 2024 anafika siku hiyohiyo, ila nauli ni nauli na bibi naye ana shamba lake. Na mume aliyeajiriwa, sheria inampa siku 3 za likizo ya uzazi, mke siku 84, wasio na ajira rasmi hawana hata hizo.

Halafu kuna kitu watetezi wa nyumbani hawapendi kukisema, kwamba nyumba nyingine ndo chanzo chenyewe. Mtoto akikonda au akachelewa kukaa, maneno yanaanza kwamba amebemendwa, na anayeangaliwa ni mama, alitembea, hakujitunza, hata kama mtoto ana minyoo au chakula hakitoshi. Mwambie mwanamke ambaye tayari anajiona hafai kwamba yeye ndo amemharibu mtoto, halafu umwambie atulie hapohapo nyumbani atapona. Mwingine anapigwa. Mwingine kila akisema nimechoka anajibiwa sisi tulizaa saba na kulima tukalima, jikaze, na anayemjibu hivyo wala hana ubaya, anasema alichoambiwa yeye.

Upande wa hospitali nao una mambo yake. Faida yake kubwa ni kwamba kuna mtu anayejua kutofautisha, anaweza kupima damu akakuta mama amepungukiwa sana na damu ndo maana hana nguvu, au tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri, vitu ambavyo hakuna bibi atakayeviona kwa macho. Kuna tiba ya mazungumzo, kuna dawa, na hili la dawa watu wanaogopa kupita kiasi: zipo za sonona ambazo zinapita kidogo sana kwenye maziwa, sertraline ni mojawapo, mama anatumia na ananyonyesha. Zipo pia za kuogopwa kweli, sodium valproate kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo anayetumia dawa za akili au za kifafa akigundua ana mimba aende kwa daktari haraka abadilishiwe, asizikate mwenyewe ghafla.

Shida ya hospitali inaanzia kwenye jina. Hapa tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo tangu enzi za Mwingereza miaka ya 1920, wagonjwa wanaletwa kutoka mikoa mingine kufuata wataalamu, na sisi tulio nayo mlangoni tunalitumia jina lake kutukania watu. Mwanamke aliyejifungua juzi akiambiwa aende huko anachosikia ni kwamba ndoa imeisha na mtoto atachukuliwa na mawifi. Ongeza na sheria, Kanuni ya Adhabu imekuwa ikihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mwenye mawazo hayo ana sababu mbili za kukaa kimya. Kwa hiyo wanaosema "apelekwe hospitali" kana kwamba ni kupanda bajaji tu, wanarahisisha mno.

Ila kuna hospitali nyingine ambayo mama huyu anaenda bila kuona aibu hata kidogo, nayo ni kliniki ya mtoto. Anaenda wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18 kwa chanjo, na katikati anaenda kupima uzito. Kuna dada tulipanga naye nyumba moja, mama yake alikuja akamtunza vizuri sana, arobaini ikaisha mama akarudi kwao. Siku chache baadaye akampeleka mtoto chanjo. Mtoto akaning'inizwa kwenye mzani, nesi akaweka nukta kwenye kadi, iko juu kabisa kwenye kijani, hongera mama mtoto ana kilo nzuri, anayefuata. Huyu dada wakati huo alikuwa hajalala vizuri siku nyingi na kila asubuhi alikuwa anatamani asingeamka, alikuja kutuambia baadaye. Mchana unakuta mlango umefungwa, jiko halijawashwa, kanga ileile ya juzi. Aliyemsaidia ni nesi wa kituo kingine kabisa, miezi imepita, ambaye wakati anachoma sindano alimuuliza "na wewe mama, unalala?" basi, akalia palepale, wakamsogeza pembeni.

Angalia hizo tarehe. Siku ya 40 bibi anafunga mizigo, na chanjo ya wiki ya sita ni siku ya 42. Nyumbani wanamwachia mama karibu siku zilezile ambazo kliniki inamwona tena, na hakuna anayemkabidhi kwa mwenzake, bibi haandiki popote kwamba binti yangu amekuwa akilia usiku, nesi haulizi kwa sababu kadi inauliza mtoto. Hii mi naona ndo nafasi ya bei rahisi kuliko zote tulizo nazo, hujengi jengo, humwiti mtu kwa jina la ugonjwa, amekuja mwenyewe.

Kuna hoja nzito dhidi ya hili na sitaki kuipita. Manesi wenyewe watakuambia foleni imefika nje, yupo mmoja au wawili, anachanja, anapima, anajaza madaftari, leo umwongezee maswali ya moyoni? Na ukiuliza mtu akakufungukia halafu huna cha kumpa, umemuumiza zaidi. Wengine wanasema tutakuja kuita umaskini ugonjwa: Februari huku Chamwino na Bahi, ghala limeisha na mahindi bado machanga shambani, mume kaenda kutafuta vibarua, huyo mama analia kwa sababu ana njaa. Ni kweli, na kwa huyo kidonge peke yake ni dhihaka. Lakini njaa haimzuii mtu kuwa na sonona, inamsukuma huko, na mwenye sonona hata ukimpa debe la unga kuamka kulisonga ndo mtihani.

Kuhusu nani afanye kazi hiyo, Pakistan kuna mfano wa kujifunza. Wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida wasio wataalamu wa akili, walifundishwa namna ya kuongea na wajawazito na waliojifungua wenye sonona wakawa wanawatembelea nyumbani. Matokeo yalichapishwa 2008: mtoto akifika miezi sita, waliobaki na sonona ni asilimia 23, na kwenye kundi la pili ambalo nao walitembelewa mara zilezile ila na wahudumu wasiofundishwa, ni 53. Mi takwimu hiyo naiona inazigusa pande zote mbili, kwamba si lazima awe daktari, jirani anaweza, ila kutembelewa tu bila kujua uongee nini hakutoshi. Zimbabwe nao tangu 2006 wana mabibi waliofundishwa wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki wanawasikiliza watu wenye sonona ya kawaida, na majaribio yalionyesha inasaidia. Sisi serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 2024, kwa hiyo watu wa kufundishwa wapo au wanakuja.

Wasiwasi wangu hapo ni siri. Mhudumu anaishi mtaa huohuo, mnakutana bombani, mnaimba kwaya moja, na mama akisikia yake yamefika kwa wifi hatafungua mdomo tena na atawaambia na wenzake. Ndo maana swali la kwanza ningetaka liulizwe kliniki, na mhudumu atembelee yule tu aliyekubali kutembelewa, na achague nani.

Viongozi wa dini nao tusiwaweke pembeni, wanawake wengi watamwambia mchungaji au shekhe kabla ya mtu yeyote. Aombewe, hakuna ubaya, ila kwa yule asiyelala na anayesikia sauti, kila siku anayokaa kwenye maombi bila daktari ni siku ya hatari kwake na kwa kichanga.

Na maswali yenyewe si lazima yawe mengi. Kuna orodha ya Edinburgh ya 1987 ya kuangalia sonona kwa waliojifungua, ina maswali 10, nzuri, ila kwa foleni zetu Uingereza wenyewe wanaanza na mawili: mwezi huu umekuwa ukijisikia mnyonge, umekata tamaa? Na vitu ulivyokuwa unavipenda, hamu navyo imepungua? Akijibu ndiyo kwa lolote ndo unaendelea, na hapo lazima aulizwe wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru, kumuuliza hakumpandikizii mawazo. Ajibu peke yake, mama mkwe asubiri nje na mtoto. Kabla kituo hakijaanza kuuliza kiwe na jina la mtu wa kumpeleka siku hiyohiyo, awe nesi aliyefundishwa hapohapo au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, na Mirembe kwa wale waliozidiwa, na akipelekwa, mtu amshike mkono ampeleke, asipewe kikaratasi akaenda kuzunguka na mtoto mgongoni anauliza chumba cha wagonjwa wa akili kiko wapi.