Mbuzi wa Yaoundé

Najua wengi wenu mmeshaisikia. Ile sauti inayozunguka WhatsApp tangu Jumamosi usiku, inayosema nililia nikakimbia mbele ya wakwe, ni ya rafiki yangu wa Lupopo, klabu ya mpira iliyo hasimu wa Mazembe yetu, na mnajua mtu wa Lupopo akipata kitu cha kumcheka mtu wa Mazembe halali mpaka Lubumbashi nzima ikijue. Basi nami nimekuja kusema langu. Kwanza, sikulia. Moshi wa makala (mkaa) ulikuwa unakuja upande wangu. Pili, sikukimbia. Nilitoka nje kuangalia gari. Ndiyo, sina gari. Nilikwenda kuangalia gari la watu.

Mengine yote aliyosema ni kweli.

Jumamosi tulipeleka mali, yaani mahari, kwa kina binti, kule mtaa wa Katuba, kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Mjomba ni mimi, kwa hiyo msemaji ni mimi. Kazi ya msemaji mnaijua: unacheka na watu, unamsifu mama mkwe, unataja mababu wawili watatu, na katikati ya maneno unapunguza mbuzi. Faktire, yaani orodha ya mahari, waliyotuandikia ilikuwa na mbuzi 4. Saa nane mchana nilikuwa nimeshawashusha hadi 3, na baba wa binti anatabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyepata faida. Hata dada yangu, ambaye tangu utotoni hajawahi kunisifu kwa lolote, aliniinamia sikioni akasema, "Endelea hivyo hivyo."

Mngekuwa watu wema mngeomba hadithi iishie hapa.

Chakula kikaja. Bukari (ugali), sombe (kisamvu), samaki wa kukaanga, kinywaji cha munkoyo kwenye vikombe vya bati. Na mbele yangu, upande wa pili wa meza, akaletwa mzee mmoja aliyekuwa amelala ndani muda wote huo, kaka wa babu yake binti, mtu aliyepita themanini. Kichwani ana kofia ya nyeusi na nyeupe, mamba ameuma mpira, nembo ya Mazembe. Moyo wangu ukaruka. Mtu wetu! Hapohapo nikamwona mbuzi wa tatu akirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa ningekuwa na akili ningeongea juu ya Kidiaba. Kidiaba kila mtu alimwona. Desemba 2010, Abu Dhabi, Internacional ya Brazil inapigwa 2-0, timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la klabu, na kipa wetu anarukaruka chini kwa makalio kama chura aliyepata mshahara. Hapo hakuna wa kukubishia. Au ningeongea juu ya zile 5-0 tulizompa Espérance mwaka uleule kwenye uwanja wa Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), ambako nilikuwepo mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, sauti ikapotea siku tatu. Lakini hapana. Mbele ya mzee nilitaka kitu cha kizee. Nikachukua hadithi ya marehemu baba.

Hadithi ya baba ni hii. Mwaka 1967 tumeingia fainali ya klabu bingwa ya Afrika na Asante Kotoko ya Ghana. Kumasi 1-1. Kinshasa 2-2. Hakuna mshindi, inapangwa mechi ya tatu Yaoundé, nchini Kamerun. Baba na wenzake wawili wanapanda lori. Wanafika mvua inanyesha. Dakika ya 87, Kalala anapokea mpira, anageuka, anapiga. Goli. Katika furaha ile baba anapoteza kiatu cha kulia. Anarudi Lubumbashi na kimoja.

Na kile kimoja kilikuwepo! Hicho ndicho kitu ambacho rafiki yangu hakusema kwenye sauti yake. Kiatu cha kushoto, cha kahawia, soli imefungwa kwa waya, kilining'inia kwenye msumari chumbani kwa baba miaka yote ya utoto wetu. Kila Noeli anakishusha, anakiweka mezani, anaanza: "Mvua ilikuwa inanyesha..." Mimi nilizaliwa 1971. Ningejuaje? Mtoto akionyeshwa kiatu anaamini kiatu.

Basi nikaanza, nikimwita vié, yaani mzee. "Vié, baba yangu aliiona Mazembe ikichukua kombe la kwanza la Afrika. Kwa macho yake."

Mzee akaacha kula. "Englebert," akasema.

"Ndiyo, vié?"

"Wakati ule tuliita Englebert. Jina la tairi."

Nikasema ndiyo, vié, Englebert, asante vié, na wala sikuona kwamba hiyo ilikuwa kadi ya manjano. Nikaendelea. Mimi nikianza hadithi ya baba ni kama lori lisilo na breki kwenye mteremko. Nikaleta mvua. Nikaleta matope. Nikaleta mashabiki wa Kotoko wakipiga ngoma, ambao baba hakuwataja hata siku moja, lakini niliona meza imenyamaza na watoto wamesogea mlangoni, nikaona ngoma zitafaa. Nikachukua vikombe viwili vya munkoyo nikavipanga mbele ya mzee: goli la Kotoko. Nikakata tonge la bukari, nikalifinyanga duara safi, nikaliweka mezani: mpira.

Nikapiga goti moja chini ili nipime vizuri. (Rafiki yangu amesema nilianguka. Nilipiga goti.)

"Dakika ya 87," nikasema. "Kalala... anageuka..."

Nikalipiga tonge kwa kidole. Jamani, nakwambieni, sijawahi kupiga kitu kikaenda sawa namna ile maishani mwangu. Lilipita katikati ya vikombe bila kugusa hata kimoja, likasimama palepale mbele ya kifua cha mzee. Meza nzima ikapiga kelele. "Goooo!" Mama mkwe alipiga vigelegele. Baba wa binti alisimama. Nilinyoosha mikono juu, goti bado liko chini, na nikamwona mbuzi wa pili naye anaanza kuaga.

Mzee hakupiga kelele. Aliliangalia lile tonge. Aliliangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Kisha akaliokota. Akalichovya kwenye mchuzi wa samaki, upande mmoja, akaligeuza, upande wa pili. Akalitia mdomoni. Akatafuna. Nyinyi hamjui jinsi mtu asiye na meno ya nyuma anavyotafuna. Kelele zilipungua, zikaisha, ikabaki taya ya mzee peke yake inapanda na kushuka. Akameza. Akafuta vidole kimoja kimoja kwenye kitambaa. Ndipo akasema, kwa upole kabisa, ule upole wa daktari:

"Mwana yangu, ile mechi habakuichezaka."

Mimi goti chini, mikono juu.

"Vié?"

"Ya Yaoundé. Habakuichezaka. Kotoko habakufika."

Nikacheka. Niliona ni mzaha wa wazee. Yeye hakucheka. Akauliza, "Kalala alifunga kwa kipa gani?" Nikasema wa Kotoko. "Kotoko gani, mwana? Balikuwa kwao Ghana. Habari habakuipataka. Kombe tulipewa tu."

Akaanza kueleza sasa, na ubaya wake ni kwamba alieleza vizuri. Mwaka ule alikuwa kijana, anakaa Kinshasa kwa mjomba wake. Ile 2-2 ya Novemba aliiona uwanjani. Desemba wakangoja mechi ya Yaoundé kwenye redio. Betri zilikuwa zimekwisha nguvu, wakazianika juani juu ya bati tangu asubuhi ili zipate moto kidogo. Jioni wakazitia. Watu kumi na tano ua mzima, redio moja, masikio yote yako pale. Wakangoja ngoma, wakapata muziki. Wakangoja tena, muziki. Mjomba wake akasema labda mvua imechelewesha. "Mvua," mzee akanirudia mimi, akaninyooshea kidole, "ni ile mvua yako labda."

Hapo ndipo kicheko cha kwanza kilipotoka, na kilitoka upande wetu. Kilitoka kwa bwana harusi. Mtoto wa dada yangu! Ninayemtafutia mke!

Nikajaribu kujitetea. Nikataja kiatu. Msitaje kiatu kamwe. Nikawaeleza watu 40 kwamba tuna ushahidi nyumbani, kiatu cha kushoto, na nilipokuwa nasema niliisikia sauti yangu mwenyewe na nikajua ni sauti ya mtu aliyekwisha. Nikamgeukia dada yangu aniunge mkono. Dada alikuwa anaangalia sahani yake. Tangu mama alipohamia kwake, yeye ndiye anayekifuta kile kiatu vumbi.

"Baba yako alikwenda kwa usafiri gani?" mzee akauliza.

"Kwa lori, vié."

"Kutoka hapa mpaka Yaoundé."

"Ndiyo, vié."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, mbele ya wote: uivuke nchi nzima hadi Kinshasa, uvuke Mto Kongo, Brazzaville, upande msituni, mipaka, halafu urudi. "Kwa Noeli akakuwa nyumbani?" Nikasema Noeli alikuwa nyumbani. Niliijibu hiyo bila kulazimishwa. Sijui kwa nini. Nadhani mdomo wangu nao ulitaka kuona mwisho wake.

Mzee akanionea huruma, na hiyo ndiyo iliuma kuliko vyote. Akasema labda baba hakuwa mwongo, alichanganya tu. Kwa sababu wiki chache baadaye, Januari 1968, Kalala kweli alifunga, na kweli waliofungwa ni watu wa Ghana: fainali ya Kombe la Mataifa, Addis Ababa, Kongo 1, Ghana 0. Kalala yuleyule wa Englebert. Goli lipo, furaha ipo, Waghana wapo. "Basi hiyo ndiyo aliyoona!" nikasema, nikapumua kwa mara ya kwanza.

Mzee akanitazama. "Alikwenda Addis kwa lori?"

Hapo meza ilikwisha. Baba wa binti alilaza kichwa kwenye bukari yake. Mama mkwe alikuwa anajipepea na faktire. Rafiki yangu wa Lupopo, niliyemwalika mimi, aliyekula samaki wawili kwa jina langu, alikuwa ameshikilia simu juu kama mpiga picha wa harusi. Ndipo moshi wa makala ulipokuja. Ndipo nilipokwenda kuangalia gari.

Niliporudi wamenisahau kabisa. Mzee alikuwa na wasikilizaji wote niliowakusanya mimi, na anawapa vya kweli: mwaka 1968 Étoile Filante ya Lomé ilipigwa 5-0, kisha kule kwao wakashinda 4-1 bure, fainali nne mfululizo, 1967 mpaka 1970, Ismaily wa Misri walivyotuvua kombe. Alipofika fainali ya 1970 alinyamaza kidogo. Kotoko tena. Kumasi 1-1, kisha wakaja Kinshasa wakashinda 2-1. "Mara hii barua ilibafikia," akasema, na meza ikaanguka tena. Nami nilicheka. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai deni, nikacheka.

Yaliyofuata ni mafupi. Binti amekubali, mali imepokelewa, harusi iko palepale. Mimi naitwa Yaoundé. Jana dereva wa taksi-bisi pale Kamalondo alisimamisha gari lililojaa ili aniulize kama natafuta lori. Nikisema nilikuwepo kwenye 5-0 ya Espérance, watu wanaomba tiketi. Nyinyi wa Ruashi mnaonitumia picha za viatu, nimewaona, nimewahesabu, ninyi ni saba.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa dada, nikamkuta mama anachambua sombe. Nikamuuliza taratibu. Mama, kile kiatu cha baba, kingine kilipotelea wapi?

"Kile? Kilikuliwa na imbwa ya jirani," akasema. "Baba yako alikuwa na haya ya kusema."

Akaendelea na sombe yake.

Na jana jioni kina binti wametuletea faktire mpya, imepigwa mashine, safi, na sahihi ya mzee iko chini. Vitenge ni vilevile. Suti ya baba ni ileile. Mbuzi ni 4. Watatu wameandikwa mbuzi tu. Wa nne ana mstari wake peke yake: "Mbuzi 1 (Yaoundé). Aletwe kwa lori."