Shukrani inaleta usingizi, lakini marejesho ya kesho je?

Andika mambo matatu ya kushukuru kila usiku, msongo utapungua na usingizi utakuja. Ushauri huu umeenea sana. Mpelekee mama anayeanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, mwenye deni la kausha damu, mkopo wa riba kubwa, na mzigo wake umelowa mvua, uone atakavyokutazama.

Hata hivyo si porojo. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha majaribio ambayo katika mojawapo wagonjwa wa neva na misuli waliandika wanayoyashukuru kila siku, kwa siku 21. Walieleza kwamba wanalala zaidi, na wanaamka wamepumzika kuliko wenzao ambao hawakuandika. Mwaka 2009 Alex Wood na wenzake walipima watu 401 Uingereza, wakaona wenye shukrani hulala vizuri kwa sababu mawazo yanayowajia kitandani ni mepesi. Hilo linaingia akilini. Saa nane za usiku kichwa hupiga hesabu za madeni mpaka kipewe kitu kingine cha kushika.

Lakini kitu hicho kiwe mahususi. Ujiji salamu hujibiwa alhamdulillah asubuhi hadi jioni, na watu bado wanakesha. Shukrani ya salamu ni adabu, tena adabu nzuri; inayotuliza ni ile ya "jirani alinianulia dagaa mvua ilipoanza".

Sasa mizani igeuke. Mwaka 2020 David Cregg na Jennifer Cheavens wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walikusanya tafiti 27 zenye washiriki 3,675. Nafuu ya sonona na wasiwasi ilikuwa ndogo, wakashauri watu watafute tiba nyingine. Na mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor aliwapa vijana 57 dakika tano kabla ya kulala: walioorodhesha kazi zinazowasubiri walisinzia mapema kwa kama dakika 9 kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza.

Hapo ndipo ninapoegemea. Mwenye deni aanze na hili: kesho nimwone mwenyekiti wa kikoba, niombe marejesho yasogezwe. Jirani na dagaa waje mstari wa pili.

Kinachoniudhi ni shukrani ya kuagizwa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane, hatua yenyewe ilikuwa na sababu. Ila mvuvi anayeuliza ada ya watoto itatoka wapi, ukimjibu "shukuru una afya", umemnyamazisha tu. Kushukuru ni lake mwenyewe, kwa wakati wake. Na anayekesha wiki nenda rudi, moyo mzito, chakula hakipiti, huyo msimpe daftari. Mpelekeni hospitali ya Maweni akaonane na daktari.