Nilipoketi kwenye juri Uingereza, nilimkumbuka baba mkubwa wa Isevya

Mwaka juzi nililetewa barua ya mahakama hapa Leicester: naitwa kwenye juri, kundi la raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Nilidhani wamekosea, maana pasipoti yangu ni ya Tanzania na kwetu ni Isevya, Tabora. Kumbe raia wa Jumuiya ya Madola aliyejiandikisha kupiga kura, akishaishi huku miaka 5, huitwa kama mwenyeji.

Tuliyozungumza chumbani siyaandiki, kuyatoa ni kosa la jinai. Ila uzito wake bado ninao. Jaji alitueleza sheria, kisha akatuachia. Ana hatia au hana, ni sisi 12 tuseme.

Nilipompigia simu baba mkubwa, baada ya shikamoo aliuliza jambo moja tu: "Walikuuliza unaonaje, au umeamuaje?" Yeye alikuwa mzee wa baraza, yaani raia anayeketi na jaji kusikiliza kesi na kumpa maoni, Mahakama Kuu Tabora, enzi ambazo kesi za mauaji za Kigoma nazo zilikuwa chini ya Tabora. Alfajiri alipanda baiskeli, shati limenyooshwa, akasikilize kesi ambayo mwisho wake huenda ni kunyongwa. Alitoa maoni. Jaji hakufungwa nayo.

Mwaka 2022 sheria ya Tanzania ikabadilishwa, wazee wa baraza si lazima tena. Sababu yake siibezi. Mahakama ya Rufani ilikuwa inafuta kesi kwa kuwa jaji hakuwaelekeza wazee ipasavyo; kesi inaanza upya, mashahidi wameshahama au wamekufa, na mshtakiwa bado yuko mahabusu. Hayo ni mateso, kwake na kwa waliofiwa. Lakini aliyekosea ni jaji, na aliyenyang'anywa kiti ni mzee!

Soma kifungu cha 202 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachoeleza maana ya kughadhibishwa, yaani kuchokozwa hadi kupandwa na hasira, jambo linaloweza kushusha kosa la mauaji likawa la kuua bila kukusudia. Kinapima hasira kwa mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Jaji aliyehamishiwa Tabora mwezi uliopita atajuaje tusi gani Mnyamwezi wa Sikonge halivumilii? Baba mkubwa anajua.

Huku nako si peponi. Mahabusu anayesubiri kesi kubwa kikomo chake ni siku 182, lakini jaji huweza kuongeza, na mwaka 2024 kesi kubwa zilizorundikana zilipita 70,000. Wapo wanaotaka juri zipunguzwe ili kesi ziende haraka. Nawapinga hao kama ninavyopinga mabadiliko ya kwetu.

Sheria ya 2022 haikuwafukuza wazee kabisa. Jaji akiona inafaa, anaweza kuketi nao. Basi majaji wa Tabora na Kigoma, kesi ya kughadhibishwa ikifika mbele yenu, waiteni. Na Bunge likirudi kwenye sheria hii, liwape wazee kura katika uamuzi, si maoni tu.